Zamu ya Pancha

Jumapili, 4 Februari

Kwako Sindano,

Kaa chini kwanza ndipo usome, maana anayekuandikia si yule kaka uliyemwacha kwenye rundo la matairi. Huyu ni mtaalamu wa kompyuta. Kama mtaa huu una mwingine, basi amejificha kwa kuniogopa. Kompyuta ya mjomba ilishuka kwenye basi Ijumaa, nikaifungua hapa gereji mbele ya watu wote, na kufikia saa ya chakula ilikuwa inanitii kuliko mbwa wa bosi. Bosi mwenyewe amekiri hajawahi kuona mtu akiwasha kompyuta kwa kujiamini namna ile. Kuiwasha tu, Sindano. Bado sijaanza.

Sasa tuje kwenye agizo la mjomba. Alisema kompyuta ni moja, sisi wawili, wiki mbili kwako wiki mbili kwangu, na tuchague lugha moja ya kuandikia programu ili tusaidiane, asije akasikia tunavutana. Sawa. Nimeshachagua kwa niaba yetu. Ni C.

Usianze kununa. Nimefanya utafiti. Nimemuuliza Wino, yule kijana wa duka la kuchapisha, aliyesoma chuo cha kompyuta mpaka chuo kikamchoka. Wino anasema Python, hiyo lugha uliyoichagua wewe, ni gari la otomatiki, hata bibi anaweza kuliendesha, lakini ukifungua boneti huelewi kitu. C ni lori. Linakutoa jasho, linakuumbua mbele za watu, lakini ukiliweza hilo, mengine yote unaendesha kwa mkono mmoja. Mimi nimezoea malori. Kazi ya bibi siitaki.

Jambo dogo tu. Tumbo la kompyuta hii ni dogo, na mzigo wa C alionipa Wino ni mkubwa, haukuingia. Kwa hiyo ile Python yako nimeing'oa. Mafaili yako mengine sijayagusa, mimi si mshenzi.

Mama hajambo, anauliza kama unakula. Mwambie shangazi suruali yangu bado naisubiri. Kiuno ni kilekile, kilichoongezeka ni akili.

Kaka yako na mtaalamu,
Pancha


Alhamisi, 8 Februari

Kaka Pancha,

Barua yako nimeisoma mara moja, imenitosha.

Umeing'oa. Ile Python niliipangia foleni kwa mwenye intaneti siku yangu pekee ya kupumzika, na shangazi akaninunia kwa sababu sikumfulia mapazia. Wewe umeing'oa kama msumari kwenye tairi, halafu unaniandikia habari za mabibi na malori.

Unajua kwa nini niliichagua? Hukuuliza, lakini nakuambia. Siku ya kwanza, kabla sijajua lolote, niliandika mstari mmoja nikaitaka iseme "Karibu kwa shangazi", na ikasema. Nilipokosea iliniambia nimekosea mstari gani. Mtu asiyejua kitu, Kaka, anahitaji kitu kinachomjibu mapema kabla hajakata tamaa. Ugumu utakuja wenyewe, hatuna haja ya kuupigia simu. Na ukishaielewa lugha moja vizuri, ya pili unaifuata ukiwa tayari unajua njia. Ndiyo sababu yangu. Yako ni ipi, zaidi ya kutaka Wino akuone mwanaume?

Sasa soma hapa taratibu. Kabla sijakutumia kompyuta, mwalimu wa chuo cha ufundi alikuja hapa kwenye duka la ushonaji la shangazi kupunguziwa suruali, akanikuta nimeishika kompyuta huku pasi inapata moto. Tukazungumza. Jumamosi ya tarehe 16 Machi wanapokea wanaoanza. Hawataki cheti. Unakwenda na programu ndogo uliyoitengeneza mwenyewe, kwa lugha yoyote, unaiendesha mbele yao na kuwaeleza kila mstari unafanya nini. Wakiridhika, unasoma bure. Shangazi ameshasema nikipata ataniachia.

Nimemuuliza pia habari zako. Nilimwambia nina kaka aliyeishia kidato cha pili lakini kichwa chake ni chepesi. Akasema aje. Kwa hiyo turudi kwenye Python sote wawili, nitakuonyesha nilipofika, na tarehe hiyo twende pamoja.

Mdogo wako,
Sindano


Ijumaa, 16 Februari

Wewe Sindano,

Nani alikutuma utaje kidato cha pili mbele ya mwalimu?

Hebu tuelewane. Mimi shule niliiacha, haikuniacha. Walimu walikuwa wameanza kuniogopa. Na kama umesahau nitakukumbusha: mwaka ule mama alipotukalisha jikoni akasema mmoja wetu lazima atafute kazi, nani alinyoosha mkono? Wewe ulikuwa unaangalia ukucha wako wa kidole gumba. Nilinyoosha mimi, na kesho yake nilikuwa chini ya lori. Sikunyoosha mkono ili siku moja mdogo wangu anionyeshe "alipofika".

Nilipomsomea Wino barua yako alicheka mpaka akakaa. Eti kitu kinachokujibu mapema. Hata kasuku anajibu mapema.

Kompyuta nakurudishia leo, zamu yangu imekwisha, mimi nafuata sheria. Nimempa karani wa mizigo anayesafiri na basi, yule mpole mwenye kofia ya sufu, ameifungia kwenye kabati lake kama kawaida. Ndani utaikuta programu yangu ya upepo wa matairi. Dereva anaiambia aina ya lori na uzito wa mzigo, nayo inamwambia kila tairi litiwe upepo kiasi gani. Imebaki kidogo sana kukamilika. Gereji nzima inaisubiri, bosi ameshawatangazia madereva. Usiichezee, maana ni C, na C ikishikwa na mtu asiyeijua inaweza kuharibika.

Chuoni kwenu sitaki kuja. Waambie wao waje gereji.

Pancha


Ijumaa, 1 Machi

Kaka Pancha,

Nimeifungua programu yako. Nilikuwa na hofu kweli, nilidhani nitakutana na maajabu.

Ina mistari minne. Mitatu ni jina lako. Filamu za ngumi ulizojaza ndizo zimekula nafasi, na kitufe cha herufi F kina grisi mpaka kinanata. Mstari wa nne ndio uliokuwa unakukatalia. Uliacha kuweka ile alama ya mwisho, nukta juu na mkato chini. Mimi C siijui, lakini kompyuta yenyewe ilikuwa imeandika kwa rangi nyekundu kosa liko mstari gani, nikausoma, nikaiweka, ikakubali. Ikaandika PANCHA NDIYE MKUU. Basi, hongera. Sasa bosi wako amewatangazia madereva kitu gani?

Nilitaka kukasirika kimya kimya, nimeshindwa. Mimi hapa nashona kutwa, nikikaa kwenye hiyo kompyuta macho yananiuma, na ikirudi kutoka kwako naipokea Python yangu imeng'olewa. Mjomba alipita na lori lake juzi, nikamweleza yote. Hakupandisha sauti. Alisema hajali ni Python wala C, hata angesikia tumechagua lugha ya bata angefurahi, mradi iwe moja. Nikamwomba nibaki nayo mpaka tarehe 16. Akasema zamu ni zamu, mmoja wetu akiruka zamu ya mwenzake, yeye mjomba ataichukua kompyuta na kuiuza.

Kwa hiyo naituma, na roho yangu haiko sawa.

Programu yangu imekwisha. Inauliza vipimo vya mteja, kiuno, urefu, nyonga, halafu inauliza upana wa kitambaa, na mwisho inasema kata kitambaa urefu gani. Shangazi ameijaribu kwa gauni la mteja mnene ambalo sote tulikuwa tunabishania, ikapatia kuliko yeye. Iko kwenye folda inayoitwa Vitambaa. Nakala nyingine sina. Flashi ya dukani ilisahaulika kwenye mfuko wa suruali ya mteja, ikapigwa pasi, imekuwa kama biskuti.

Python nimeirudisha. C yako sijaigusa. Nilichofuta ni filamu tu, na lugha zote mbili zimeenea, nafasi haikuwa tatizo kamwe. Tafadhali, nakuomba kama mdogo wako: usiguse Vitambaa. Na uiweke kwenye basi Alhamisi tarehe 14, nipate siku moja ya kujizoeza.

Sindano


Ijumaa, 15 Machi

Sindano,

Kompyuta hiyo inakuja. Najua ulisema Alhamisi, kulikuwa na lori la saruji lenye matairi sita mabovu, na bila mimi lile lori lingekuwa hapa mpaka kesho kutwa.

Nataka ujue mapema. Jana jioni kompyuta ilianza vituko. Inaganda, inazima, inawaka. Wino anashuku kirusi. Mimi nashuku Python yenyewe, nilikuambia tangu mwanzo. Halafu leo nilipoipeleka kwenye basi nilimwona karani wa mizigo kwa macho yangu ameikalia kama kiti huku anakula. Kwa hiyo ukikuta kitu hakipo mahali pake usije kunililia mimi. Muulize yeye.

Kila la heri kesho. Ingekuwa C isingetokea.

Pancha


Jumatatu, 18 Machi

Kaka,

Basi lilifika Jumamosi asubuhi. Nilichukua begi nikaenda nalo chuoni moja kwa moja, sikufika hata dukani. Tulikaa kwenye benchi kwa mstari, kila mtu na kitu chake. Waliponiita nikaweka kompyuta mezani, nikaifungua mbele ya walimu watatu. Python ipo. PANCHA NDIYE MKUU ipo. Vitambaa haipo.

Nilitafuta kila mahali huku wananiangalia. Nikafungua mpaka pipa la taka la kompyuta, pale vinapokwenda vitu vilivyofutwa. Tupu. Limefagiliwa likawa safi.

Yule mwalimu wa suruali akanihurumia, akasema niiandike upya hapo hapo kwa kichwa. Nikaanza. Niliandika mpaka kwenye nyonga, hesabu ya upana ikanigeuka, nikafuta, nikaandika, wakasema samahani binti, wenzako wanasubiri. Nije mwaka ujao.

Nikatoka pale nikiwa na barua yako mkononi. Nikaenda kituo cha basi nikamtukana karani wa mizigo mbele ya abiria, maneno ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia yeye na makalio yake wameninyang'anya maisha. Alivua kofia tu. Jumapili mjomba akapita, nikamweleza, naye akaenda kwa mwenye mabasi. Karani amesimamishwa. Ijumaa hii mwenye mabasi anakaa na mjomba, na kama hakuna neno jipya anamfukuza kabisa.

Dukani hali ni hii. Shangazi alikuwa na uhakika nitapita, akachukua msichana mwingine wiki iliyopita. Cherehani yangu anakalia yeye. Mimi nashona vifungo na kufagia vipande.

Nilipokuwa nafagia leo ndipo nikafikiri. Basi likitikisika linaweza kuvunja kioo. Mtu akikalia kompyuta anaweza kuipasua. Lakini pipa la taka halijifagii kwa kutikiswa, Kaka. Lazima mtu abonyeze, kompyuta imuulize kama ana uhakika, naye abonyeze tena ndiyo.

Sitaki salamu, sitaki habari za Wino. Nataka jibu moja tu, na ulilete kabla ya Ijumaa. Uliulizwa kama una uhakika?

Sindano


Jumatano, 20 Machi

Sindano,

Nimeandika barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza nilikutukana kurasa mbili. Ya pili nilimtukana Wino. Ya tatu nilikuwa shujaa, nimeng'ang'ania begi huku majambazi wanalivuta; ilikuwa nzuri, ungeipenda. Nimezichana zote, dereva wa basi anapiga honi, sina muda wa kupendezesha.

Nina hasira na wewe, hilo lijue kwanza. Nina hasira kwa sababu ulisoma yale maandishi mekundu. Mimi niliyaona kabla yako, kila siku, wiki mbili. Sikuyasoma, nilikuwa nafunga kompyuta haraka asije mtu akayaona. Wewe hujui C hata kidogo, ukayasoma kama unasoma bei ya sabuni. Nina hasira na Wino pia, maana nilikuja kumbana na kumbe hata yeye C hajawahi kuiandikia kitu kikaisha. Na bosi nina hasira naye, aliamini. Mtu mzima anaamini vipi maneno yangu?

Karani hakuikalia. Nilimkuta amefungua kabati, akaipangusa vumbi kwa ile kofia yake, akaniuliza mdogo wangu anaendeleaje na masomo. Barua hii mpe mjomba aisome yeye mwenyewe, na aende nayo kwa mwenye mabasi kabla ya Ijumaa. Mwenye mabasi akitaka kuniona niko gereji, sikimbii. Nikimaliza kuandika naenda kumwambia na mama.

Sasa jibu lako. Alhamisi mchana bosi alikuja na madereva wawili kuona programu ya upepo. Yangu unaijua. Nikafungua Vitambaa. Nilisema moyoni naonyesha kidogo tu, wataona inauliza maswali, watashangaa, wataondoka. Ikauliza kiuno. Wakashangaa kweli. Bosi akasema nani ameitengeneza hii. Nikasema mimi. Akavuta kiti akakaa, akaniambia, "Basi itoe kwenye vitambaa iweke kwenye matairi, tunakuangalia." Madereva wakakunja mikono. Nikaweka vidole kwenye kibodi. Mistari yako yote ilikuwa mbele yangu, na sikujua hata mmoja unasema nini. Wino alikuwa mlangoni, alipumua kwa pua tu. Nikasema imeganda. Wakasubiri. Nikasema ina kirusi. Bosi akainuka, akakirudisha kiti ukutani taratibu, akaniambia kuna tairi la mbele linanisubiri.

Kwa siku zote hizi nimekuwa najiambia niliifuta palepale, kwa aibu, mkono uliteleza wenyewe. Ningekuandikia hivyo ungenisamehe, wewe una moyo huo. Lakini haikuwa hivyo. Walipoondoka ilikuwa bado ipo.

Nilibaki nayo peke yangu. Nikaiwasha upya nisome kuanzia juu, ndipo nikaona mstari ambao mwanzo niliuruka kwa haraka. Mteja wako wa majaribio ulimwandika "Suruali ya Kaka". Vipimo vyangu vyote viko pale, uliviweka kwa kichwa. Nikachukua kamba ya kupimia, nikajipima kiuno, nikajipima mguu, nikiomba uwe umekosea. Ulikuwa hujakosea hata kidogo. Nikabonyeza iendelee, ikanijibu kitambaa kikatwe urefu gani, papo hapo, bila kuganda, bila kirusi.

Haikuharibika, Sindano. Ilifanya kazi. Ndipo nikaifuta, nikafungua na pipa, na ikaniuliza kama nina uhakika.

Nilikuwa na uhakika.

Pancha